Mgeni Aliyejifunza Kaa

Kaa akishakufa hakuna anayemtaka. Mnunuzi wa Dar es Salaam anafungua tenga, anamgusa jicho kwa ncha ya kalamu, na jicho lisipocheza anamrusha pembeni bila hata kukutazama usoni. Miaka minne ya mwanzo ya biashara yangu ilikwenda hivyo. Natoka Kibiti na matenga yamejaa kaa wazima wa mikokoni, wakubwa, magando yamefungwa vizuri, nafika mjini nusu yao ni mizoga. Harufu ya kaa aliyeoza haifanani na ya samaki. Inaingia chini ya kucha, inakaa kwenye nywele, na khanga uliyoifua mara tatu bado inakusema. Kwenye basi la kurudi watu walikuwa wakinihama kiti.

Sikuwa na biashara nyingine. Mimi ni mzaliwa wa visiwani, huko delta, nikaolewa Kibiti. Mume wangu alipofariki, watoto walikuwa wamekwisha kwenda kujitafutia maisha, na uani kwetu tukabaki wawili: mimi na wifi yangu, dada wa marehemu. Mikorosho ilinishinda. Kaa niliwajua tangu utotoni, ndiyo maana nikaenda gati la Nyamisati kuwanunua kwa wavuvi wanaotoka vijijini na mitumbwi.

Nilijifunza kwa kuwatazama wanavyokufa. Siku moja gunia langu moja liliangukia kwenye kidimbwi cha mikokoni, maji meusi yaliyojaa majani yaliyooza, nikalisahau humo karibu wiki nzima. Nilipolitoa lilikuwa limebadilika rangi kama chai ya rangi. Kwa kuwa sikuwa na jingine nikawafunika kaa kwa hilo hilo. Tenga lile ndilo pekee lililofika bila mzoga hata mmoja. Tangu hapo nikaanza kuloweka magunia yangu yote kwenye majani ya mkoko yaliyoanguka, siku saba, wala si sita. Baadaye nikagundua kwamba kaa akikaa bila kula, maji yakajaa na kupwa mara mbili, husafiri vizuri zaidi. Kisha nikagundua kwamba kaa wa mkondo mmoja hataki maji ya mkondo mwingine, basi nikawa nachota maji ya kila mkondo kwenye dumu lake, na magunia nikayatia alama kwa uzi: mwekundu kwa mkondo wa kwetu, wa buluu kwa wa ng'ambo, mweupe kwa wa kule mdomoni karibu na bahari. Ilinichukua miaka mitatu kuyajua hayo yote. Nayasema hapa bila wasiwasi kwa sababu yamekwisha kutangazwa kwa kipaza sauti.

Baada ya hapo wanunuzi watatu wa Dar wakawa wananipigia simu wao. Waliniuliza nafanyaje. Nikawa najibu, "Namshukuru Mungu tu," nao wakacheka, wakajua sitasema.

Mgeni aliletwa na wifi yangu. Alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini, ndevu zimechongwa, begi mgongoni, viatu safi mno kwa barabara yetu. Alivua viatu mlangoni, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

Wifi akasema huyu ni mwanafunzi wa chuo kikuu, anaandika kazi yake ya mwisho juu ya wanawake wafanyabiashara, anahitaji pa kulala wiki tatu, nyumba ya wageni ni ghali. Sikuuliza mara mbili. Chumba cha mwanangu kilikuwa wazi. Jioni ile ile nikampeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji akaandikwe, kama tunavyofanya na kila mgeni, na yeye mwenyewe akajaza kitabu kwa mkono wake: jina, anakotoka, na kwenye kazi akaandika "mwanafunzi".

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Tulifuturu naye kila siku, mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga. Alikuwa akisema, "Sijala futari kama hii tangu mama yangu aondoke duniani." Wifi alikuwa akifuta machozi. Mimi nilikuwa nikimwongezea.

Mchana alikwenda nami Nyamisati. Alibeba matenga bila kuambiwa, akaingia matopeni hadi magotini, akajifunza kufunga magando. Aliuliza maswali kama mtoto: kwa nini hili gunia lina uzi mwekundu, kwa nini siku saba, kwa nini kaa huyu hujampakia leo. Nami nikamjibu. Wanunuzi nilikuwa nawaficha, huyu sikumficha, kwa sababu alikuwa analala kwangu na ananiita mama. Alikuwa akinipiga picha. "Mikono tu, mama, uso siupigi, nakuheshimu." Siku moja nilimkuta anatia majani yaliyolowa kwenye kimfuko cha plastiki, anakiziba, anakiandika kwa kalamu. Siku nyingine alikuwa anatumbukiza kijiti fulani kwenye dumu la maji na kusoma namba.

"Hayo nayo ni ya shule?" nikamuuliza.

"Walimu wetu ni wasumbufu, mama. Wanataka ushahidi wa kila kitu."

Nikamhurumia.

Siku ya Idi yenyewe, siku mbili kabla hajaondoka, gunia moja la uzi mwekundu lilipotea. Gunia si mali ya maana, lakini haya yalikuwa yangu, yalilowekwa na kutumika hadi yakaiva, na nilikuwa nayahesabu kila asubuhi. Aliyekuwa akinifulia na kuyaanika ni mama mmoja wa Umwe, mjane kama mimi, aliyepanga chumba nyuma ya soko. Hakuna mwingine aliyeyagusa, ndivyo nilivyodhani. Nilimwita uani, mbele ya wifi na mbele ya mgeni wetu.

"Umempa nani gunia langu?"

"Sijampa mtu."

"Limekwenda wapi? Lina miguu?"

Alinitazama, akamtazama mgeni, akanitazama tena. Kisha akaifungua khanga ya kiunoni, akaikung'uta mbele yetu, kama mtu anayepekuliwa, akaifunga upya na kutoka. Hakurudi. Yule mgeni wetu alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu akimenya chungwa, na akasema kwa upole, "Mama, usikasirike, watu wa kuwaamini ni wachache."

Maneno hayo ndiyo yanayonirudia. Wizi unazoeleka. Lakini mtu akuibie, akae, amenye chungwa, na akufariji!

Aliondoka siku ya tatu ya Idi. Nilimfungia korosho na samaki wa kukaanga. Wiki chache za mwanzo alipiga simu, kisha namba yake ikawa haipatikani.

Mwaka ulipita. Mwezi mmoja wafanyabiashara wote wa kaa wa Kibiti tulialikwa semina. Mwaliko ulitoka kwa kampuni ya Dar inayosafirisha kaa nje ya nchi, kampuni tuliyoisikia tu, haijawahi kununua kwetu. Ukumbi ulipambwa, kulikuwa na sambusa na soda kwa kila mtu, na kalamu zenye nembo. Nilikaa mstari wa pili na wifi yangu pembeni. Taa zikazimwa kidogo, picha ikatokea ukutani.

Ilikuwa mikono yangu.

Mtu anaijua mikono yake. Kidole cha shahada kina kovu la gando la kaa tangu nina miaka tisa, na hina ile nilipakwa usiku wa kuamkia Idi. Mikono yangu, mikubwa kuliko mlango, inapanga kaa kwenye tenga. Na pembeni yake, amevaa koti jeusi na kitambulisho kifuani, amesimama yule mwanangu wa kufuturu, ameshika kipaza sauti.

"Baada ya utafiti wa muda mrefu," alisema, "kampuni yetu imegundua mbinu ya kisasa."

Akaieleza. Siku saba, wala si sita. Maji kujaa na kupwa mara mbili. Maji ya mkondo wake kwa kila kaa. Alitumia hata maneno yangu, hata nilivyokuwa nikisema kaa "hataki" maji ya ng'ambo. Watu wakacheka pale pale ambapo yeye mwenyewe alicheka alipokuwa kwangu. Kisha akainua gunia ili watu waone rangi yake. Upindoni mwa gunia kulikuwa na uzi mwekundu, mishono yangu mikubwa ya ovyo, maana macho yangu hayaoni vizuri karibu.

Nilikuwa na kipande cha sambusa mdomoni. Nilikitema kwenye kiganja, kikakaa humo cha moto na chenye mate, kikanuka kama matenga yangu ya zamani yaliyooza. Nikamfikiria yule mama wa Umwe anavyoikung'uta khanga yake.

Mwishoni zikagawiwa fomu. Msichana wa kampuni akasema kila mtu asaini kwamba mbinu hii ni siri ya kampuni, hatamwambia mtu yeyote, na atakayeitumia atawauzia kaa wao peke yao. Alinipa na mimi. Niliisoma mara mbili. Nilitakiwa kuahidi kwa maandishi kwamba sitatoa siri niliyoipata kwa kuzika matenga mangapi ya mizoga, sijui.

Nikasimama. Mgeni akaniona, na kwa kweli hakubabaika. Alikuja mbele yangu akatabasamu.

"Shikamoo mama."

Sikuitikia. Katika maisha yangu sijawahi kumnyima mtu marahaba, hata walevi nawaitikia.

"Hilo gunia umelitoa wapi?" nikasema.

"Ni sampuli ya utafiti, mama."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza umelitoa wapi."

"Mama, tuzungumze nje, hapa kuna wageni."

"Wewe ndiye uliyekuwa mgeni. Ulifuturu kwangu Ramadhani. Ile mikono ukutani ni hii hapa." Nikaiinua. Waliokuwa karibu wakaitazama mikono yangu, wakatazama ukutani. Mzee mmoja anayenijua akasema kwa sauti, "Ni kweli, ni yeye huyu." Lakini nilimwona huyo huyo mzee baadaye anasaini. Karibu wote walisaini, mimi sikusaini. Nje kulikuwa na gari la kampuni lenye barafu na mizani mipya, na watu wana watoto wa kulisha, siwalaumu. Au nawalaumu, sijui.

Tulipofika uani nilimuuliza wifi yangu kitu kimoja tu: alimjulia wapi yule mtu. Akaanza kulia kabla sijamaliza. Kumbe walikutana Dar, alipokwenda hospitali. Yule mtu alimpa simu, ile kubwa ya kioo, ambayo wifi alituambia kanunuliwa na mwanawe. Alimpa kabla hata hajafika kwetu.

"Kwa hiyo ulijua si mwanafunzi."

"Aliniambia anataka kujifunza tu, wifi. Nikasema kujifunza kuna ubaya gani? Kaa si wa Mungu?"

"Na gunia nalo ulijua?"

Akaficha uso kwenye upindo wa khanga. Nilimwacha pale. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikiona chakula alichopika nasikia kinyaa, kama nimeona nywele ndani yake, na hapakuwa na nywele. Tunakaa ua mmoja hadi leo. Ni dada wa mume wangu, nimpeleke wapi? Lakini sili tena alichopika.

Kesho yake baada ya semina nikapanda gari hadi Ikwiriri, kisha bodaboda hadi Umwe. Nilimkuta yule mama shambani kwake anapalilia mahindi. Hakuacha jembe. Nilimsalimia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama juani kama mtuhumiwa.

"Nilijua," akasema. "Nilimwona analikunja analitia begini."

"Mbona hukusema?"

Hapo akasimama, akanitazama. "Nilikuwa nimesimama kwako natuhumiwa, yeye amekaa kitini anakula chungwa. Ungemwamini nani?"

Nilimwomba radhi. Alisema amenisamehe kwa ajili ya Mungu, lakini Kibiti harudi, na maji ya kunywa aliyonipa aliyaweka chini, hakunikabidhi mkononi. Nilirudi nikijikirihi nafsi yangu kuliko nilivyomkirihi mwizi. Yule alikuwa ametumwa na mshahara wake. Mimi nani alinituma?

Kisha nikaenda ofisi ya biashara, wilayani. Afisa aliyenipokea alikuwa mwanamke kijana mwenye subira.

"Mama, ulimwambia kwamba hii ni siri yako?"

"Nilimwambia karibu mwanangu."

"Alisaini karatasi yoyote?"

"Kitabu cha wageni cha mwenyekiti."

Akaacha kuandika. Akanieleza kwa taratibu kwamba siri ya biashara inalindwa na yule aliyeifanya siri: aliyewaambia watu wake ni siri, akawasainisha, akafungia vitu vyake. Mimi nilikuwa nimeanika magunia yangu kwenye kamba uani. Lakini kwa kuwa mtu yule aliandika "mwanafunzi" naye ni mtumishi wa kampuni, huo ni udanganyifu, na tunaweza walau kuwaandikia. Tukapata nakala ya ukurasa ule, tukaandika barua.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili, yamepigwa mhuri wa wakili. Yalisema mbinu hiyo ni maarifa yanayojulikana na wakazi wote wa delta tangu zamani, hivyo hakuna aliyeibiwa. Nilimsomea afisa mara mbili sentensi hiyo. Ukumbini ilikuwa ugunduzi wa kampuni na siri ya kampuni, kwenye barua imekuwa ya wote tangu zamani. Mwishoni waliandika kwamba, kwa moyo wa ujirani mwema, wameondoa picha ya mikono yangu kwenye mafunzo yao.

Basi hicho ndicho nilichoshinda. Mahali pekee palipokuwa na ushahidi kwamba mimi nilikuwepo, wamepafuta, na wameniandikia kana kwamba wamenipa zawadi.

Wanunuzi wawili kati ya watatu wameniacha, wanachukua kwa kampuni. Wa tatu ameng'ang'ana nami, anasema kaa wa kampuni wanafika wazima lakini wamekonda. Nadhani wanawanyima chakula siku nyingi mno, kwa kuwa hawakukaa miaka ya kutosha kuona tofauti. Sijamrekebisha mtu. Ninaendelea. Magunia sasa nayaanika ndani. Wanawake wawili ninaofanya nao kazi nimewasainisha karatasi kama afisa alivyonielekeza, na mmoja wao ni mtoto wa dada yangu wa kuzaliwa. Nilipompa kalamu aliniuliza, "Mama mdogo, hata mimi?" Nikamwambia hata wewe. Alisaini haraka akatoka nje, na chumba kikanuka, au nilihisi kinanuka.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja na barua ya chuo, ya kweli, yenye mhuri, na namba ya mwalimu wake ambayo niliipiga na ikapokewa. Anaandika juu ya wavuvi. Alipiga goti mlangoni. Nilimwitikia, nikampa kiti barazani na maji kwenye glasi safi, nikamuuliza habari za kwao. Alipotoa daftari nikamwambia ninachojua ni kununua na kuuza, basi. Akauliza mara ya pili kwa adabu. Nikarudia vilevile, nikitazama begi lake limefungwa au halijafungwa. Jua lilikuwa limeanza kushuka na nyumba ya wageni iko mbali, nami nina chumba kitupu. Nilimwelekeza njia ya stendi. Alinishukuru sana, akasema nimemsaidia, nikafunga mlango kwa komeo nikiwa bado nasikia hatua zake.